Mpera wa Kichochoroni na Popo Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Dunia ikitaka kujua popo wanakwenda wapi, sharti ipite nyumbani kwangu. Hayo si majigambo, ni sayansi! Mtoto wa dada yangu, Dokta (si wa sindano, wa wanyama), amefika na mabegi yake kuchunguza popo wanaolala darini kwangu. Nyumba ngapi zina dari? Kachagua yangu.

Atawabandika kidude cha redio mgongoni, kisha awafuate kwa antena iliyo kama mifupa ya samaki. Nikamwambia mimi nilishamrudisha simba porini kwa kupiga mluzi, popo ni nini? Kacheka. "Mjomba, wewe nishikie begi tu." Nimeshika. Begi zito, la kisayansi.

Jumatano, 6 Machi
Dokta anatafuta "eneo la nyumbani" la popo. Nimemuuliza ndiyo nini. Kasema ni kote anakolala mnyama, anakokula na anakopitapita. Kanionyesha ramani kwenye kompyuta. Doa jekundu! Limeanzia darini kwangu, limevuka kichochoro, limemeza mpera uliomo, anaoudai jirani yangu Fundi Viti, limemeza soko, zahanati. Hata kituo cha polisi kimo ndani. Hicho sikidai. Mimi si mtu wa tamaa.

Lakini tufikiri. Popo wanalala kwangu. Kwa hiyo ni wangu. Eneo lao la nyumbani — nyumbani kwa nani? Kwangu!

Ijumaa, 8 Machi
Leo nimemaliza kesi ya kichochoro. Mimi na Fundi Viti tumekigombania tangu wote tukiwa na nywele. Nimemkuta anapigilia kochi la mtu.

"Jirani, sayansi imeamua. Mpera ni wangu."

Akatema misumari kiganjani. "Imeamua lini?"

"Kwanza niambie, nani aliupanda?"

"Uliota wenyewe."

Hapo hapo nikamnasa! Dokta kasema popo akila pera, mbegu anakwenda kuzinya mbali, mti unaota. Basi aliyeupanda ni popo wangu. Kwa tumbo lake mwenyewe!

Fundi Viti akanitazama weee. "Hao popo ni wako kweli?"

"Wangu."

"Wanakusikia?"

"Nikiwaita wanatua begani, mmoja mmoja, kwa adabu."

Akarudisha misumari mdomoni. Nimeshinda.

Mke wangu anasema mdomo huponza kichwa. Wivu.

Jumamosi, 9 Machi
"Hodi kwa Mwenye Popo!"

Kumbe Fundi Viti katangaza mtaa mzima. Kaja muuza matunda na papai lililong'atwa. "Popo wako kaonja, hakununua." Kaja dobi na shuka jeupe la mteja, limejaa madoa. Kalitandaza mbele ya watu. "Na hili nalo ni eneo lako la nyumbani?" Watu wakavunjika mbavu. Fundi Viti nyuma yao, meno yote nje.

Wamekata shauri: kama nina popo, niwafunge kama watu wanavyofunga mbwa. Nikishindwa, wanawafukiza kwa moshi.

Dokta akanivuta jikoni. Machozi yanamlenga. "Wakifukizwa watatawanyika na vidude vyangu, Mjomba, kazi yangu ya miaka yote imekufa, na chuo hakinipi nafasi nyingine. Toka ukawaambie popo si wa mtu."

Nikatoka. Nikafungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema hivyo hivyo.

"Ni wangu," nikasema, "na kesho mchana mtaona wanavyonitii."

Dokta hajanisemesha tena leo. Chakula kakilia chumbani.

Jumapili, 10 Machi
Ngazi kaileta Fundi Viti mwenyewe. Na viti kapanga uani, vya wateja wake, watu wamekaa kama harusini. Matambara ya kufukizia yako kwenye ndoo, yananuka mafuta ya taa.

Dokta kanisamehe nusu. Ana mpango. Tutapanda wote, atamtoa popo mmoja, tutashuka naye. Watu huchukia wasichokijua, anasema. Wakiona kale kauso, na mimi nimetulia karibu yake, mioyo italegea, watawaacha mpaka amalize kazi. "Kumshika nitamshika mimi, Mjomba. Wewe mtazame tu, useme naye pole pole. Basi."

Basi!

Naandika chooni. Nimetia komeo. Nje wanapiga makofi, "Mwenye Popo! Mwenye Popo!" Dokta anagonga. "Mjomba, dobi kashashika kiberiti. Toka tafadhali."

Ngazi siiogopi. Watu siwaogopi. Maneno ya kusema ninayo, tena mazuri. Ila huko kumtazama. Wiki nzima hii, kila Dokta akimtoa popo kwenye kifuko chake cha kitambaa anionyeshe, nasema "Mashallah, mzuri!" — na macho nimefumba.