Komunike Husomwa Mara Mbili

Papa yangu mpendwa,

Karavati yako ya bluu, ile tai yako ya kazini, iko kwangu. Mama alikuwa ameificha kwenye sanduku lake pamoja na kitambulisho chako, nikaichukua bila kuomba. Sasa anajua, kwa hiyo usije ukanisemea.

Unakumbuka nilivyokuwa nakucheka? Kila asubuhi kabla ya kwenda redioni ulisimama mbele ya kile kioo kilichopasuka, ukaifunga karavati, ukaifungua, ukaifunga tena. Nikakuuliza, "Papa, kwa redio ni nani atakuona?" Ukajibu bila hata kugeuka, "Mutu anaenda kupata habari ya musiba, na mimi niko na singileti? Hapana, Kahindo."

Kazi yako ilikuwa kusoma komunike: fulani amefariki hapa Goma, ndugu zake walioko Butembo au Walikale wafike kwa mazishi. Watu walizileta zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi za daftari la shule. Siku zisizo na masomo nilikaa nawe kwenye benchi, nikisikiliza unavyowasumbua kwa maswali. "Uyu mutu anaishi wapi? Redio iko kwake ao kwa jirani? Anatokaka ku shamba saa ngapi? Anasikia Kifaransa?" Majibu uliyaandika kwa penseli pembeni mwa karatasi. Aliyelima mpaka jioni ulimsomea jioni. Na kuna yule bibi wa Masisi uliyemsomea kwa Kihunde chako kibovu, hadi fundi wa mitambo akatoka nje kwenda kucheka.

Kila komunike uliisoma mara mbili: kwanza kwa mwendo wa kawaida, kisha taratibu sana, ukipumua kati ya majina. Nilitaka kujua kwa nini. "Ya kwanza iko ya muji muzima," ukaniambia. "Ya pili iko ya mwenyewe. Mutu akisikia jina ya ndugu yake anashituka, maneno yenye inafwata haisikie tena."

Baadaye nikawa na akili kukushinda, au ndivyo nilivyodhani. Nikaanzisha podikasti. Ilikuwa ya Kifaransa, dakika kumi, na muziki mwingi mwanzoni, kwa ajili ya vijana wote wa Maziwa Makuu. Uliisikiliza yote huku umebana simu sikioni kana kwamba kuna mtu amekupigia.

"Inapendeza," ukasema. "Sasa unasemea nani?"

"Kila mutu, Papa."

"Kila mutu anaishi wapi?"

Nilikununia siku mbili nzima. Nisamehe. Wasikilizaji wangu walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa Mama, ambaye alisinzia kabla muziki haujaisha.

Halafu ukatuondokea. Komunike yako ilisomwa redioni mara moja tu, na kijana mmoja aliyekuwa na haraka. Simlaumu, hakuna aliyemfundisha. Lakini yaya Paluku, kaka yangu na mwanao wa kwanza, hakufika. Tangu mlipokosana kwa sababu aliacha shule kabla ya diplome, akaenda kuendesha malori, namba yake ilikuwa imekufa, na hatukuwa na njia nyingine ya kumpata. Tukakuzika bila yeye. Mama alikataa jeneza lifungwe mpaka padri akamsihi. Na mimi, niliyekuuguza, nilijua kitu ambacho hukukisema: wiki ile ya mwisho, kila lori lililopiga honi barabarani, uliinua kichwa.

Ndipo nikachukua penseli. Niliandika juu ya karatasi jina la msikilizaji mmoja, Paluku, na chini yake maswali yako. Anaishi wapi? Ndani ya lori, labda kati ya Butembo na Kasindi. Anasikiliza saa ngapi? Gari likikwama. Kifaransa? Ndicho alichokikimbia shuleni. Nikaenda kwenye parking wanakopakilia malori, nikawasikilizisha madereva ile ya dakika kumi. Walicheka vibaya sana.

"Dada, hii yako inaishaka na gari haiyawaka bado," mmoja akaniambia. "Utupatie ya murefu, ya kutuchangamusha kama tunakwama mu matope. Na miziki utoe, tuko nayo mingi."

Basi nikafanya ya saa nzima, kwa Kiswahili chetu cha Goma: hali ya barabara, salamu za wake zao, watoto waliozaliwa baba akiwa safarini. Njiani mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo wanaiweka kwenye simu kabla ya kuondoka, kisha wanapeana wao kwa wao kila wanaposimama. Vijana wa Maziwa Makuu hawajui kama nipo duniani. Madereva wakinisikia sokoni nauliza bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanageuka.

Lakini komunike yako niliiogopa. Kila kipindi nilisema nitaisoma kijacho. Wiki hii nimefunga karavati yako, nimejifungia chumbani kwa Mama katikati ya nguo zake ili zizuie mwangwi, nikaisoma. Nilipofika kwenye "baba ya Paluku" nikasimamisha rekodi. Nikajikaza nikaimaliza, lakini mara ya pili sikuiweza. Ilienda hivyo hivyo na malori.

Jana mchana ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu yangu, kwa namba nisiyoijua. Kwanza injini. Halafu kikohozi, Papa, kikohozi chako kabisa.

"Kahindo, ni miye Paluku. Niko Kasindi, hii simu ni ya mwenzangu. Nimesikia jina ya Papa, kisha sikusikia tena kitu. Ulisoma mara moja tu. Papa alikuwa anasomaka mara mbili. Soma tena, nijue kwenye mulimuzika."

Nilipopiga, haikupatikana. Tayari walikuwa njiani. Mama ameisikiliza sauti ile hadi simu ikaishiwa chaji, na safari hii hakusinzia.

Malori yanaondoka kesho. Karavati nimeifunga, nimeifungua, nimeifunga tena. Sasa hivi nasoma mara ya pili, taratibu, na nitamtajia njia yote mpaka kaburini kwako.

Pumzika, Papa yangu. Siku ukisikia honi ya lori upande wa makaburi, inua kichwa tena.

Ni mimi binti yako, msomaji mwenzako,
Kahindo