Karani na Kuli: mkanda uliofika bila sauti ya Baba Neema

Jumamosi. Mvua imekatika tangu alfajiri lakini Kariakoo yote ni tope. Niko Posta, kwenye kafe ya intaneti, upindo wa kanga umelowa na mikono bado inanuka mafuta ya vitumbua.

Naomba radhi kwa kukaa kimya muda wote huu. Tangu nilipoandika lile pambano la mapacha wenye vinyago sijaweka kitu hapa. Mmoja wenu akauliza pale chini kama nimeacha mieleka nikaokoka. Sijaacha. Mwanangu Neema aliugua tetekuwanga, deki ya video ikatafuna mkanda, biashara ya asubuhi inanitoa kitandani kabla ya adhana. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililonizuia kuandika.

Kilichonizuia ni kwamba mkanda umefika.

Kwa mgeni wa blogu hii nieleze kidogo. Mume wangu, Baba Neema, yuko Japani. Zamani alikuwa fundi hapo mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ambayo siku hizi ni ghala la mtu. Wafanyakazi walipopunguzwa na kila mmoja akaambiwa ajitafutie, Ami Saleh, mwenye duka la vipuri, alimwunganishia kazi ya kukata magari chakavu hukohuko yanakotoka. Basi anayakata, yanapakiwa kwenye kontena, yanatufikia vipande, vichwa na viuno. Na chini ya kiti cha dereva cha kichwa kimojawapo huwa kuna mkanda wa video umefungwa ndani ya ovaroli kuukuu. Mieleka ya Kijapani huingia nyumbani kwetu kwa njia hiyo, inanuka grisi.

Mwenye ugonjwa wa mieleka hasa ni mama yake, mama mkwe wangu, ambaye naishi naye. Enzi zake alikuwa mwanamke peke yake kwenye kibanda cha video, amejitanda buibui, anapiga kelele kuliko makuli. Sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, basi. Kwa hiyo Baba Neema alitafuta deki yenye tundu la maiki, zile wanazoimbia wenzetu kule, na kila anaponakili pambano anasimulia mwenyewe kwa Kiswahili juu ya yule mtangazaji wao. Hata majina ya wapiganaji ni yake. Yule mwembamba anayekunja joho lake vizuri kabla ya kengele ni Karani. Yule mwenye mgongo kama mlango, Kuli.

Kuna kitu kingine, na hiki ndicho hasa.

Kule kabla ya pambano kubwa watu hurusha tepe za karatasi ulingoni. Mtu anashika ncha moja, nyingine inaruka mpaka kwa mpiganaji wake, na kwa muda mfupi ulingo mzima unakuwa umeunganishwa na viti. Halafu vijana wanazizoa haraka, kengele inalia. Baba Neema hakuwahi kuiacha dakika hiyo ipite. "Ule wa njano ni wako mama, unauona unavyokwenda? Wa pinki wa Neema, umemgonga refa." Alituletea ulingo sebuleni. Mimi hakunitajia rangi hata siku moja. Angenitajiaje, na mama yake kakaa hapo? Alisema tu, "Na huyo anayebonyeza deki, naye yumo." Nilikuwa nabaki naangalia skrini, nachagua mwenyewe kimoyomoyo.

Mkanda uliopita aliumaliza hivi: "Unaofuata nitauleta mwenyewe, kwapani."

Mama mkwe alinirudishisha mkanda nyuma mara nyingi mpaka nikahofia utakatika. Neema akawatangazia wenzake wote wa chekechea kwamba baba anakuja na mkanda kwapani.

Mimi nilinunua shuka jipya. Bado liko kwenye mfuko wake.

Sasa mtaelewa simu ya Ami Saleh ilivyonikuta. "Mama Neema, mzigo wako upo huku."

"Shikamoo Ami. Mzigo au mtu?"

"Marahaba. Mzigo, mwanangu."

Nilikwenda nikaufuata mwenyewe, dukani kwake, katikati ya yale mabodi ya magari yaliyokatwa. Ami alinipa soda, akaniambia Baba Neema ni mzima, karatasi zake ndizo zimekwama, atanieleza mwenyewe. Hajanieleza. Simu amepiga tangu hapo, tumeongea ada ya Neema na dawa ya macho ya mama, kadi ikaisha. Hilo la kuja au kutokuja tumelizunguka kama shimo la barabarani.

Niliuweka mkanda juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa, nisiuone. Nilidhani hakuna anayejua. Ijumaa nikiwa nachambua mchele mama akasema, "Nyumba inanuka Gerezani siku zote hizi. Umeuficha wapi?"

 Nikapanda kiti.

Haya, pambano lenyewe, maana wengine mmekuja kwa hilo.

Ni la zamani, picha imepauka, ukumbi umejaa watu waliovaa makoti na wametulia kama wako mahakamani. Karani na Kuli, ubingwa, kikomo saa nzima. Wanaoipenda mieleka ya kelele hawatalivumilia. Sehemu yote ya mwanzo Kuli ameushika mkono wa kushoto wa Karani na hauachii. Anaukunja, anaukalia, anaupumzisha, anaukunja tena. Vijana wa mtaani kwetu wangeshasema peleka mbele. Mimi nasema usipeleke. Ule mkono ndio pambano. Baadaye kabisa, Karani anapopata nafasi ya kumnyanyua Kuli amtupe kwa nyuma, mkono unakataa, anamwangusha katikati ya safari, na ukumbi mzima unasema "aah" kwa sauti moja. Hapo unaona kwa nini ulisubirishwa.

Lakini nimeruka. Turudi mwanzo.

Mkanda ulipoanza, kabla ya tepe, sauti ya Kijapani ikakatika. Huwa inakatika hivyo anapochomeka maiki. Mama akakaa sawa. Neema akaja magotini kwangu. Tukasikia pumzi. Mtu anavuta pumzi, anaishikilia, anaiachia. Halafu "tk", na mtangazaji wao akarudi kama hakuna kilichotokea.

Tepe zikaanza kurushwa. Sauti ya Baba Neema haikuwepo.

"Wangu uko wapi?" Neema akauliza.

Nilimwona mama ameinamisha kichwa upande, anasikiliza karatasi. Nikajua kwamba nisiposema mimi, dakika ile itapita na haitarudi, vijana wameshaanza kuzoa. Nikasema kwa sauti ya kukwaruza, "Huo hapo, wa pinki, umemwangukia Karani begani. Na wa njano wa bibi umezidi, umevuka mpaka upande wa pili."

"Eeh," mama akasema. "Mimi huwa narusha kwa nguvu."

Basi nikawa msimuliaji. Jamani, kazi ile ni ngumu. Unaangalia, unatafuta neno, na ukilipata wameshafanya lingine. Na nikaboronga. Kumbe katika pambano hili Karani amenyoa kichwa na amebadili bukta, na yule mwenye nywele zilizochanwa vizuri ni Kuli. Nikasimulia kinyume muda mrefu tu, Kuli anapigwa, Kuli anapigwa, mpaka mama akanyoosha kiganja.

"Mama Neema, hebu ngoja. Huyo unayesema kapigwa ndiye anayepiga."

"Hapana mama, namwona."

"Na mimi namsikia. Kofi la Kuli huwa zito, kama gunia linatuliwa. La Karani linalia kama njiti. Sasa hivi hapa naangushiwa magunia, wewe unaniambia ni Karani?"

Nikasogea karibu na televisheni. Nikaangalia ule mgongo. Mlango kabisa.

"Ni Kuli, mama."

"Haya, rudi kazini. Na usinionee huruma, nikipigwa niambie nimepigwa."

Mama ni shabiki wa Karani, mnajua. Na Karani alipigwa. Alipigwa makofi ya kifua mpaka kifua kikawa kama nyanya, mara mbili refa alifika hesabu ya pili akipiga turubai la ulingo, mkono uko hewani kwa ya tatu, ndipo bega likanyanyuka. Niliyasema yote. Sikumpunguzia. Alikuwa anabana kona ya kanga kwa meno, na kila bega liliponyanyuka anaiachia.

Muda ukaisha. Kengele ikalia wote wawili wako chini, wameshikana mashati yasiyokuwepo. Sare. Watu wale waliotulia kama mahakamani wakasimama juu ya viti wanadai waongezewe.

Sasa Karani akapewa maiki.

Hapa ndipo Baba Neema anapong'ara. Kijapani chake ni cha yadi ya vyuma, nina hakika nusu ya hotuba anazotafsiri anazitunga. Ila anazitunga vizuri. Karani alikuwa ameegemea kamba, jasho linachuruzika puani, akasema neno moja, akashindwa, akatazama juu kwenye mataa, akaanza upya. Alisema kwa kirefu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Ndiyo ilikuwa kweli. Mimi Kijapani nitakijulia wapi.

Nikasema, "Anasema anaomba radhi. Alisema atakuja kulimaliza leo, muda umemshinda. Anasema amechoka, lakini yupo."

Watu wakaanza kutoka ukumbini, picha ikawa chenga tupu.

"Huyo Karani," mama akasema, "au mwanangu?"

 Neema alikuwa amelala, mate yananilowesha mkono.

"Mwanangu tangu mdogo akitaka kulia ananyamaza," mama akasema. "Baba yake alikuwa anadhani ni kiburi, anamwongeza viboko. Ile pumzi nimeisikia. Nawe umeisikia, usinifiche." Halafu, nilipodhani amemaliza, "Na mbona kwenye tepe umenitaja mimi, umemtaja mtoto, wako hukuutaja?"

"Sina, mama. Hajawahi kunipa rangi."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. "Lo, ananionea haya mimi! Mpumbavu huyo, kaoa kaniletea mjukuu, leo anaona haya kwa karatasi. Mwambie mama yako haoni, na siku ya rangi yako atatoka akae barazani ili asisikie pia."

Nilizima deki. Nilikwenda uani nikajifanya nasuuza vyombo vilivyokuwa visafi.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nakasirika, nikidhani ule ukimya wake wa kwenye simu ni mlango unaofungwa. Sasa sijui tena kama ni hasira. Ninachojua ni kwamba nimemkumbuka hata kukohoa kwake katikati ya sentensi, hata anavyolitamka "turubai" utafikiri ni jina la mtu. Nimekumbuka ananukia nini kabla hajaoga. Shuka lile silifungui.

Lakini pia sitaki kusimulia badala yake. Pambano moja nimemshikia. La pili asimulie mwenyewe, hata kama habari ni mbaya. Mama amesema akipigwa aambiwe amepigwa, na mimi ni vivyo hivyo.

Kwa wanaofuata mieleka: litafuteni pambano hili, na msipeleke mbele.

Baba Neema, najua unasoma hapa, ndiyo maana ulinifungulia blogu hii. Dada wa kafe ananionyesha saa. Usitume mablanketi tena, ninayo ya kutosha. Ninavyohitaji ni hivi:

Mkanda wa kusafishia kichwa cha deki, pamoja na ile chupa yake ya dawa, maana mara ile ulikuja mkavu.

Viatu vya Neema, saizi ishirini na saba, vya kubandika siyo vya kamba, na visiwe vyeupe. Tope la hapa unalijua.

Miwani ya jua ya mama, iliyozibwa pembeni. Anasema ile ya kwanza ilimbana kama ya bwana harusi.

Pambano hilihili la Karani na Kuli, kuanzia tepe zinaporushwa mpaka hotuba, lenye sauti yako juu.

Kabla ya kengele, useme kwa mdomo wako kwamba huji sasa, na kama hujui utakuja lini, useme hujui.

Na rangi ya utepe wangu. Mama atakuwa barazani.