Jiwe Nililolilamba Marangu

Marangu, 4 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama pia shikamoo. Hamjambo? Mimi mzima, ila mabega yamechubuka kwa mizigo ya wageni. Tangu simu yako itumbukie kwenye duara, lile shimo lenu la kuchimbia dhahabu, sina njia ila barua za basi.

Mtihani wa waongoza wageni wa Kilimanjaro ni tarehe 20 Julai. Nikifeli, kama tulivyokubaliana, narudi Mwakitolyo kuuza chakula machimboni. Baba, sitaki! Historia ninayo: hifadhi ilianzishwa mwaka 1973, na vilele vyake vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo, vyote vilizaliwa na volkano. Msitu wa mbega naujua, na lile jangwa la juu kabla ya barafu. Mawe ndiyo yananitoa jasho. Yote nayaona meusi tu.

Mwanao,
Limi

Mwakitolyo, 19 Juni 2024

Limi mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako mgongo unamsumbua, mdomo haujambo kabisa. Duara letu halijatema dhahabu tangu Pasaka.

Unaniaibisha wewe! Mtoto wa Mayala, uliyekulia kwenye vumbi la mawe, unashindwa na jiwe? Vumbi linaficha. Lilambe, ligeuze juani, utaona lilivyo. Halafu unifungie kipande kwenye soksi nikitwange, nione kama huo mlima wako una kitu.

Mimi huko sipandi. Miaka thelathini kazi yangu kushuka, nikipanda ngazi tu magoti yanatetemeka. Lakini ukifaulu nitakuja. Mwenzangu Pantaleo ni shahidi.

Baba yako

Mwakitolyo, 5 Agosti 2024

Limi,

U mzima? Mbona kimya? Mtihani umepita wiki mbili sasa. Mama yako ameshafagia chumba chako, na usiku halali. Kama umefeli, rudi tu mwanangu. Hakuna atakayekucheka. Pantaleo akicheka nitamtia kwenye duara na kuondoa kamba.

Baba

Marangu, 12 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, matokeo yalichelewa na nilikuwa mlimani na mizigo ya wageni.

Baba, waliweka mawe matatu mezani. Nikasahau niko wapi, nikalinyanyua la kwanza na kulilamba! Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkaguzi akaniuliza, "Binti, hujala?" Nikamjibu kwetu machimboni ndivyo tunavyosoma jiwe. Nikaligeuza dirishani, likang'aa kama chupa, nikajua ni lava iliyopoa upesi. La pili lilijaa matundu ya mapovu. La tatu nalo nililipatia.

Nimefaulu! Wabeja sana, asante, Baba.

Jiwe sikutumii. Hifadhini hatutoi hata jani. Njoo ulilambe mwenyewe tarehe 1 Septemba. Pantaleo ni shahidi, ulisema.

Mwanao,
Limi

Mandara, 2 Septemba 2024

Limi mwanangu,

Naandika wewe ukiwa unawapanga wageni kwa chakula, maana mbele yako nitalia na watu wataniona. Nimefika kambi ya Mandara, mita 2,720! Magoti yamenitukana njia nzima.

Leo uliponipeleka kreta ya Maundi, lile shimo la volkano, nilisimama ukingoni, ukadhani nimechoka. Nilikuwa nawaza: nani alichimba duara kubwa namna hii, majani yakaota hadi chini? Nikalamba jiwe moja pembeni. Dhahabu hakuna. Nimelirudisha palepale, usinishtaki.

Wazungu wameniuliza mimi ni nani. Nikawaambia ni baba wa yule mwenye beji.

Kesho usinirudishe getini. Nataka kupanda zaidi.

Baba yako,
mgeni wako wa kwanza