Tuliposali Kuelekea Tura

Baba mpenzi uliyetangulia,

Kwa huzuni kubwa, na baada ya kushauriana na majirani wote wenye maoni, natangaza kuwa birika lako la udhu limetoboka. Wewe fundi bati ungeliziba huku ukilisema. Mimi nimelichunguza tu, kama ninavyochunguza kila ulichoniachia, na ndipo likanijia swali nililoogopa kukuuliza ukiwa hai: giza lilikutoka lini?

Nasema giza kwa sababu ndivyo ulivyoliita mwenyewe. Mama alipofariki ulifunga karakana yako mjini, tukahamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Ntalikwa. Watu walidhani umeshikwa na siasa. Mimi uliniambia siku moja, huku ukinyoosha bati: "Mwanangu, siku hizi nikisema Allahu Akbar naona kama nagonga debe tupu. Humu ndani giza." Lakini kila ikiadhiniwa, ulikwenda. Hilo lilinishangaza. Mtu hamsikii Mungu, na bado hachelewi kwake!

Kisha tukajenga msikiti wa udongo. Mjini misikiti tuliikuta imeshajengwa, kibla kimeshapangwa. Huku kila mtu akanyoosha kidole chake. Mzee Masudi, ambaye babu yake alibeba mizigo ya misafara, akakata ubishi: "Mahujaji wote walishika njia ya Tura, mashariki, kwenda pwani. Nani alihiji kwa kupitia Nzega?"

Hakuna aliyemjua mtu wa namna hiyo.

"Fundi, wewe wa mjini, unasemaje?" wakakuuliza.

Ukajibu, "Elekezeni mnakotaka."

Tukasali tukielekea Tura. Mvua zikanyesha, tumbaku ikavunwa, mpaka shehe mmoja wa mjini alipotutembelea. Akatazama ukuta, akatazama jua, akauliza kwa upole, "Jamani, na Makka nayo imehamishwa?" Kumbe ni kaskazini, upande ule ule wa Nzega. Mzee Masudi akaketi chini.

"Na sala zetu zote, shehe?" akauliza.

"Mlitafuta, mkakosea. Mungu anazipokea."

Ndipo wewe ukauliza, kwa sauti ndogo: "Hata za yule ambaye hakujali anaelekea wapi?"

Shehe akakukazia macho. "Asiyejali, alikuwa akifuata nini msikitini kila siku?"

Ulicheka, baba. Kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Ukashika sururu, ukawa wa kwanza kubomoa ukuta. Sasa niambie: giza lilitoka pale? Au lilikuwa limetoka zamani, ukakosa wa kukuambia? Au halikutoka kamwe, ila uligundua kwamba Yeye yumo humo humo gizani, amekaa nawe kimya kama mtu wa nyumbani?

Nauliza kwa faida yangu. Tangu tukuzike, debe limehamia kwangu. Nasali, nasikiliza, kimya. Hata hivyo wakati ukifika najikuta nimeshika maji ya udhu. Nani anayenishikisha? Sijui, na kutojua huko ndiko kunakonirudisha mkekani.

Pumzika, baba, na ukipata nafasi niombee. Leo alasiri nilisujudu uani kwa muda mrefu kuliko kawaida, na kwa mara ya kwanza nilihisi siko peke yangu. Nilipotoa salamu nikamwona mbuzi wa jirani, amemaliza mihogo yote niliyoanika.

Binti yako