Farasi Asiyejua Kirundi

Jumamosi, jioni

Baba Eliya mzima, Eliya mzima, mapacha wazima. Neema wetu aliye Gitega, kule Magarama, kapiga simu asubuhi, naye mzima. Asante Mungu. Ila mimi naogopa. Kesho nimepangiwa kuomba mbele ya akina mama kanisani, na Kirundi changu mimi niliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania... Mara ya mwisho walicheka mpaka nikasahau kusema amina.

Sasa leo farasi wa mchungaji, yule aliyenunuliwa Tanzania akapitishwa mpakani Kobero, kakata kamba akaingia kwenye maharage yangu. Fideli anayemchunga akawa anamfokea kwa Kirundi, "Hagarara! Hagarara!" Farasi ndiyo kwanza anazidi kukimbia. Nikajisahau, nikaita kwa Kiswahili, "Simama, baba! Tulia!"

Akasimama. Masikio yote kwangu. Kisha akaja mwenyewe taratibu, akanipumulia mkononi.

Fideli akaangua kicheko. "Eh, mama! Kumbe iko Mtanzania kama we!"

Nikacheka na mimi, halafu machozi yakanitoka palepale kwenye maharage. Miaka yote kambini nilimwomba Mungu kwa Kiswahili, akanisikia, akanirudisha hapa Gasorwe na watoto wangu wote. Leo ndiyo aanze kunidai Kirundi?

Kesho naomba kwa Kiswahili. Wakicheka, wacheke. Ila Bwana, kama wewe hutaki, nijulishe haraka, maana ibada ni saa tatu.