Miti Inayosema Nakuya

Tottenham, London
Jumamosi, 9 Novemba 2002

Kwako Yaya Célestine, dada yangu mkubwa mpendwa,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana, wewe, shemeji na watoto wote waliozunguka meza yako. Mama anaendeleaje na mgongo? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyomtumia si ya kupaka magotini tu kama anavyofanya, halafu anasema dawa za Wazungu hazina nguvu. Mimi mwili ni mzima. Baridi imeshaingia, na saa kumi jioni giza limetanda, hata mtu hajui kama ale chakula cha mchana au cha usiku. Mengine yote Mungu anasaidia.

Barua yako niliipata kwa mkono wa ndugu Gires wa kanisani kwetu, aliporudi kutoka kumzika baba yake huko Bukavu. Niliifungua ndani ya basi namba 73, na nikaisoma mara tatu, hata nikapitiliza kituo changu nikajikuta Victoria, mwisho wa njia. Kondakta alipanda ghorofa ya juu ya basi akaniambia nishuke. Nilishuka, nikasimama pale barabarani nimeshika karatasi zako kama mtu aliyepewa barua ya mahakama.

Umeniandikia kwamba binti yako Keren alikwenda kwenye ukumbi wa video kule Kadutu kuangalia katuni, akarudi anasema filamu yote inasema Kifaransa, ila miti ndiyo inayosema Kiswahili cha kwetu. Ulimcheka. Kesho yake ukaenda mwenyewe, ukakaa kwenye benchi na watoto, ukasikia. Sasa unaniuliza swali moja tu: kama sauti ile ni yangu, na kama ni yangu, kwa nini inamwambia Magloire maneno yale. Tena unanieleza kwamba mwalimu Jean amemposa Annonciata kwa mara ya pili, na Annonciata amekataa kwa mara ya pili, kwa sababu bado anamngoja mchumba wake Magloire, mdogo wetu, na ile kadi aliyoipata kutoka Lusaka ameiweka ndani ya Biblia.

Nitakujibu, Yaya. Lakini unanijua, mimi sifiki nyumbani bila kupita kwa jirani. Niache kwanza nikueleze hiyo kazi, maana hamkuwahi kuuliza na mimi sikuwahi kusema.

Nilipofika hapa mwaka 1998, kazi yangu ya kwanza ilikuwa usafi katika jengo la Larkmoor, kampuni ya Amerika inayotengeneza katuni. Makao yao makuu yako Hollywood, lakini hapa London walikuwa na tawi, nyuma ya King's Cross, ndani ya ghala la zamani. Niliingia saa kumi na moja alfajiri. Kulikuwa na ukuta mrefu uliojaa picha za filamu zao zote, zimepangwa mwaka kwa mwaka, na mimi ndiye niliyezifuta vumbi. Kwa hiyo historia ya Larkmoor niliijua kwa kitambaa. Walianza mwaka 1931 na punda anayepiga tarumbeta. Wakati wa vita waliacha punda wakachora filamu za kuwafundisha askari kujikinga na mbu. Baadaye wakaja dubu, malkia wa nyuki, treni yenye macho, na punda akarudi amezeeka, amevaa miwani. Huyo punda nilimfuta uso mara nyingi kuliko nilivyofuta wangu.

Ghorofa ya pili ndiko walikochora. Mchoraji mkubwa anachora mkono uko chini, halafu anachora mkono uko juu, basi, kazi yake imekwisha. Wale wadogo ndio wanaochora mkono unavyopanda, karatasi baada ya karatasi, ishirini na nne kwa sekunde moja tu. Wanaitwa watu wa katikati. Asubuhi nilikuta mapipa yao yamejaa mikono iliyokosewa na nyuso zisizo na macho. Nilikuwa nazikunja harakaharaka, maana sikupenda kutazamwa nazo.

Mlangoni palikuwa na mlinzi, mzee mmoja Singasinga, Jaswant, mkaazi wa Kingsbury. Siku ya kwanza alisikia ninavyonung'unika na ndoo yangu, akanijibu kwa Kiswahili safi cha Kenya. Kumbe alizaliwa Kisumu. Alinicheka kila mara niliposema nakuya, akisema huyu Mkongo anakula herufi. Kwao ni nakuja. Nami nilimwambia Kiswahili chake kina harufu ya duka. Tulipendana hivyo.

Mwaka 1999 walikuwa wanatengeneza filamu ya msichana anayepotea ndani ya msitu ambao miti yake inanong'ona. Mkubwa wa sauti, Mwingereza mmoja mpole, alikuwa amejaribu waigizaji wake na hakuridhika. Alitaka lugha ambayo watoto hawaijui, ili waogope. Asubuhi moja alinikuta nafagia, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akaniingiza kwenye chumba kidogo cha kuta laini, akanivika vitu masikioni. Nikamuuliza niseme nini. Akasema niseme lolote, kwa sababu hakuna atakayeelewa. Akaniomba nifumbe macho, nijione niko msituni, nanong'ona na mtu ambaye siwezi kumwona.

Yaya, mtu yule hakunijua. Hakujua ni mlango gani anaugonga. Nilifumba macho, na maneno yakatoka yenyewe. Uliyasikia. Magloire, nakuya. Uningoye hapa. Magloire, nakuya. Nilisema mpaka sauti ikakatika, na nilipofumbua macho yule bwana alikuwa nyuma ya kioo ameninyanyulia kidole gumba, anatabasamu. Walinipa kikombe chenye picha ya punda. Halafu wakaichukua sauti yangu wakaikata, nyingine wakaishusha ikawa ya mzee, nyingine wakaipandisha ikawa ya mtoto, wakazimwaga zote pamoja hata mtu mmoja akawa msitu mzima.

Nilipotoka, Jaswant alikuwa kwenye korido na funguo zake, mlango ulikuwa haukufungwa vizuri. Hakucheka herufi yangu siku hiyo. Aliniuliza Magloire ni nani. Nikamwambia ni mtu wa hadithi za kwetu. Alinitazama kidogo, akasema kwamba maneno kama yale yana mwenyewe, na kwamba mimi nimeyapeleka kwa watu wasiohusika. Tangu siku hiyo nilimwogopa. Nilianza kuingia kwa mlango wa nyuma.

Filamu ilitoka mwaka 2000. Picha ya ule msitu ilikuwa ubavuni mwa kila basi. Nilikwepa kuiangalia, lakini yenyewe haikunikwepa. Dukani High Road televisheni sita zilikuwa zinaionyesha pamoja, na mimi mlangoni na mkate wangu nasikia nikimwita mdogo wangu mara sita. Kituoni Bruce Grove nilikuta mabinti wawili wanaviziana nyuma ya kibanda, mmoja ananyemelea, anamnong'oneza mwenzake nakuya, nakuya, halafu wanapiga kelele na kucheka. Watoto weusi wa hapahapa, hata hawajui ni neno la watu. Niliwakaripia kwa Kiswahili, wakazidi kucheka, wakidhani nami nacheza.

Mwaka uliofuata Larkmoor walifunga tawi, kwa sababu kompyuta sasa ndiyo inayochora na kazi yote imerudishwa Amerika. Niliuteremsha ule ukuta mwenyewe, picha moja moja, punda nikamfunga kwenye gazeti. Nilidhani yamekwisha. Sasa nafanya kazi ya kuwatunza wazee, na kule pia kuna televisheni, na wajukuu huja Jumapili na kaseti zao. Mama mmoja mzee, kipofu, husema anaupenda ule msitu kuliko filamu yote, maana anasikia kuna mtu ndani yake anayesikitika kweli. Siku aliyosema hivyo nilitoka nje nikakaa na mapipa ya taka mpaka zamu yangu ikaisha.

Basi, Yaya, nimeshapita kwa majirani wote. Nimefika mlangoni.

Sauti ile ni yangu. Na niliyowaambia kwa simu, kwamba tulitengana na Magloire Kisangani, yeye akapanda lori jingine kuelekea Zambia, ni uongo. Magloire hakufika Kisangani.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka 1996, siku yetu ya tisa tangu tukimbie vita Bukavu, ndani ya msitu, mbele ya Bunyakiri. Mguu wake ulichomwa na kisiki siku ya nne, ukavimba, homa ikampanda. Siku mbili nilimbeba mgongoni. Mchana ule nilimlaza chini ya mti, nikamfunika shiti letu la buluu, lile turubai la plastiki. Akaomba maji. Nikachukua kibidoni, dumu letu dogo, nikamwambia, Nakuya, uningoye hapa. Akajibu nisianze kupiga soga na wasichana mtoni. Ndiyo, Magloire yuleyule, na homa yake, ananitania.

Nilifika mtoni, nikajaza maji. Watu walikuwa wanavuka kwenye gogo, wanasukumana, wengine wanasema jioni litaondolewa. Nilisimama pale na maji mkononi. Mabega yangu yalikuwa mepesi kwa mara ya kwanza katika siku mbili, na Mungu anisikie, niliupenda ule wepesi. Hakuna aliyetufukuza saa ile. Hapakulia bunduki. Nisikudanganye tena kwamba nililazimishwa. Niliingia kwenye mstari, nikavuka. Jioni nikayanywa yale maji mimi.

Kadi ya Lusaka niliiandika mimi, kwa mkono wa kushoto ili hati ifanane na yake. Titus, Mzambia tuliyekaa naye chumba kimoja hapa London, ndiye aliyeiposti alipokwenda kwao. Mlikuwa mnaniuliza sana habari za Magloire, na mimi nilikuwa na mwanzo na mwisho niliotaka muuamini, basi nikachora ya katikati. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka sita, na aliyeitembea ni Annonciata.

Mwambie kadi ile aichome, au aniletee siku moja usoni. Mwambie hakuachwa na Magloire. Kama anamtaka mwalimu Jean, aolewe bila deni kwa mtu yeyote wa nyumba yetu, na mahari ya Magloire isidaiwe. Lakini asiolewe kwa kudhani mimi nimesema amekufa, maana hilo silijui. Niliyemwacha alikuwa hai. Labda alikufa siku ile, labda kuna mama wa kijijini aliyemwokota. Wewe ndiye mkubwa wetu, Yaya, kwa hiyo wewe ndiwe utakayeamua kama mtalia kilio au mtatuma mtu akaulize. Nyuma ya karatasi hii nimechora njia yote ninayoikumbuka, kuanzia soko la Bunyakiri mpaka mtoni, na mti wenyewe nimeutia alama. Auliziwe mtu mwenye pengo la jino la juu na kovu la maji ya moto shingoni. Auliziwe kwa walio hai, auliziwe pia kwenye makaburi.

Mama msomee mchana, kukiwa na watu. Usimpunguzie chochote. Akisema jina langu lisitajwe tena ndani ya nyumba yake, usimbishie kwa ajili yangu. Na Keren usimkataze kuzungumza juu ya filamu ile, mtoto masikio yake yalifanya kazi ambayo ulimi wangu ulikataa.

Nisalimie shemeji, nisalimie majirani wa pale Kadutu na wote wanaoniulizia, hata kama kesho hawataniulizia tena. Sitapiga simu. Nitangoja mnipigie, na msipopiga nitaelewa.

Mdogo wako, kama bado unakubali kuwa na mdogo mmoja badala ya wawili,

Baudouin