Mgongo wa Wembe

Mjukuu wangu Nestory,

Amahoro, amani iwe nawe. Hapa Kasulu tu wazima. Maharage tumeshavuna, na bibi yako bado anagombana na mbuzi wa jirani. Barua hii dada yako ataipiga picha akutumie, maana umesema mnada huo wa mtandaoni unafungwa Jumamosi.

Unauliza kama ule wembe wa zamani wa kukunja, uliokarabatiwa hadi ukang'aa, unafaa kununuliwa. Nikueleze kosa langu.

Nilipokuwa najifunza unyozi kwa Mzee Salumu pale sokoni, wembe wake ulikuwa na madoa meusi mgongoni, ule upande mnene usio na makali. Mimi niliona aibu mbele ya wateja. Siku moja hayupo, nikausugua mgongo kwenye jiwe mpaka ukawaka kama kioo, kisha nikaunoa kama kawaida.

Aliporudi hakunikemea. Alijipaka sabuni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Haya, ninyoe."

Wembe ukawa unang'oa ndevu badala ya kuzikata. Machozi yalimtoka, lakini hakuinuka mpaka nilipomaliza.

"Mgongo ndio unaoulaza wembe sawasawa kwenye jiwe unaponolewa," akasema. "Ukiumaliza, makali hayakai."

Tangu siku hiyo, wembe nauangalia mgongo kwanza. Picha sita ulizonitumia zote ni za ubapa na mpini. Mwombe muuzaji picha ya mgongo. Akikutumia nyingine ya ubapa, hilo ndilo jibu lake.

Babu yako,
Zakaria